Mguu wa Kuku Chini ya Kanzu

Siku ya kwanza kuivaa bastola yangu sikuenda nayo popote. Nilijifungia chumbani, nikatoa magazini, kile kisanduku cha risasi, nikavuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, nikatazama chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, nikatia kidole kuhakikisha hamna risasi, kisha nikarudia yote tangu mwanzo. Nikaipachika kiunoni, nikavaa kanzu juu yake, nikatandika msala. Nikarukuu. Nikasujudu. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani nyuma yangu, kazi yake kuniambia aonacho.

"Yaonekana," akasema. "Mgongoni pamefanya nundu kama ya ng'ombe."

Nikaihamishia mbele, karibu na kitovu. Nikisimama haionekani kabisa, lakini nikisujudu mpini wanichoma chini ya mbavu, na mtutu waelekea mahali ambapo hakuna mwanamume anayetaka mtutu uelekee. Mara ya tatu nikaiweka upande wa kulia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Nikarukuu, nikasujudu, nikakaa tahiyatu. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Hapo sioni kitu."

Naanza na msala kwa sababu karibu kila mtu anayeniuliza kuhusu bastola ya kubeba kwa siri huanza na jina la kiwanda. Glock au Ceska? Na karibu kila ushauri anaoupata mtandaoni umetoka Marekani, kwa mtu anayevaa jaketi miezi sita ya mwaka, suruali ya jinzi na mkanda mpana, anayetoka nyumbani kuingia garini na kutoka garini kuingia ofisini. Mimi nauza mchele na viungo kwa jumla, kisiwani Mombasa. Navaa shati jepesi la pamba, Ijumaa kanzu. Nikienda mazikoni nakaa jamvini. Nikialikwa pilau tunaizunguka sinia watu wanne, magoti yamegusana. Na hapa kwetu watu wakionana hukumbatiana. Bastola yangu lazima ikae katika maisha hayo. Isipoweza, nitaiacha nyumbani, na ya nyumbani hainisaidii kitu njiani.

Sikuwa mtu wa silaha. Marehemu baba alifanya biashara hii hii miaka thelathini na kitu alichoshika ni tasbihi. Mwaka 2021, jioni moja, nilikuwa nikirudi na kijana wangu wa dukani, mauzo ya siku mbili yamo mfukoni. Karibu na Bombolulu pikipiki mbili zikatuziba njia. Mmoja alikuwa na bastola, wawili mapanga. Mfuko niliutoa bila ubishi wowote, nikautoa kwa mikono miwili kama mtu atoaye zawadi. Wakauchukua. Halafu mmoja wa wale wa mapanga, pesa tayari wanazo, akageuka akampiga kijana wangu mkononi kwa ubapa, kwa nguvu, mfupa ukavunjika. Sijui mpaka leo kwa nini. Pesa zilinisumbua kwa mwezi mmoja. Ule mlio wa mfupa bado nausikia.

Kibali kilichukua karibu mwaka. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, haimpi mtu haki ya kumiliki silaha kwa kutaka tu. Ni lazima Bodi ya Leseni za Silaha iridhike kwamba una sababu ya kweli na kwamba wewe ni mtu wa kuaminika. Cheti cha mwenendo mwema, alama za vidole, mahojiano, mafunzo. Ofisi moja ililipoteza faili langu, nikaanza upya. Nilikasirika wakati ule, lakini ule ugumu wenyewe nauunga mkono. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye leseni wakaguliwe upya ndani ya siku 90, na wapo waliolalamika. Mimi naona mtu asiyeweza kuvumilia kuulizwa maswali hana uvumilivu wa kutembea na chuma kiunoni. Cheti chenyewe hutaja silaha uliyo nayo na idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Kwa hiyo ukikosea kuchagua, kubadilisha si kama kurudisha viatu dukani.

Aliyenifundisha ni askari mstaafu, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye wote twamwita Afande. Nilimfikia nikiwa tayari nimeshachagua. Nilitaka kitu kidogo kabisa, cha kutia mfukoni nikasahau. Nilikuwa nimeiona Walther PPK, ile bastola ya Kijerumani iliyotoka mwaka 1931, nyembamba, nzuri ya kutazama, risasi zake zile fupi za .380. Afande hakubishana nami. Alinipeleka uwanja wa shabaha, akanipa moja ya mtu aliyekuwepo pale, akaweka karatasi umbali wa mita saba.

"Piga tano, bwana mdogo."

Nilipiga tano. Ya kwanza ikaingia karibu na katikati. Zilizobaki zikatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Na nilipoishusha niliona damu: slaidi iliporudi nyuma ilikuwa imenikwaruza nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mkono wangu ni mnene, mpini ule ni mfupi, nyama ilikuwa imepanda juu.

Afande akanieleza akiwa ananifunga plasta. Watu hudhani bastola ndogo yenye risasi ndogo itapiga teke dogo. Katika muundo kama wa PPK mtutu umekaza mahali pake, hausogei, na kinachoizuia slaidi isirudi nyuma kwa kasi ni uzito wake na springi tu. Teke lote laja mkononi mara moja, kali. Bastola za kisasa za milimita tisa nyingi zina mtutu unaofungana na slaidi, zikasafiri pamoja kidogo kabla ya kuachana, na lile teke likapungua ukali. Ndiyo maana bastola yenye risasi yenye nguvu zaidi yaweza kuwa tulivu zaidi mkononi. Hili sikulitarajia. Kama ningenunua kwa macho ningejuta.

Akanipa Glock 19. Hii ilitoka mwaka 1988, mdogo wa Glock 17, magazini yake inabeba risasi kumi na tano. Nilipiga kumi, zote zikaingia ndani ya eneo la sahani ya chai. Nikacheka kwa furaha. Nikamwambia Afande, basi, nimepata.

"Ivae," akasema.

Nikaivaa. Akanituma nikaokote maganda ya risasi chini. Nilipoinama shati likavutika mgongoni, na mpini ukasimama nyuma yangu kama kona ya kitabu ndani ya mto. Watu watatu waliokuwepo wote walikuwa wakinitazama kiunoni.

Jambo alilonifundisha hapo ndilo naliona kubwa kuliko yote katika uchaguzi huu. Watu hupima bastola kwa urefu wa mtutu. Mtutu hauna shida. Unaingia ndani ya suruali, unalala na paja, hata ukiwa mrefu kidogo hakuna anayeuona. Kinachokusaliti ni mpini. Huo hubaki juu ya mkanda, umelala kwa ulalo, na kila unapoinama unasukuma nguo nje. Tangu chini ya magazini hadi juu ya slaidi, Glock 19 ina kama milimita 128. Glock 26, iliyotengenezwa katikati ya miaka ya tisini kwa ajili hasa ya kufichwa, ina kama 106. Tofauti ni milimita ishirini na mbili, upana wa kidole gumba changu. Huo upana wa kidole gumba ndio uliopotea kwenye kanzu yangu siku ile mbele ya mke wangu.

Nilijaribu pia zile nyembamba za siku hizi. SIG P365 ya mwaka 2018 ni kazi ya ajabu: risasi kumi ndani ya kitu chenye unene wa kama simu tatu zilizobebana. Mkono wangu haukupatana nayo, lakini mke wangu aliishika mara moja ikamkaa, na mtu mwenye viganja vyembamba namshauri aanzie hapo. Glock 43X ya mwaka 2019 ni nyembamba pia, inalala vizuri ubavuni, ila urefu wa mpini wake ni sawasawa na wa 19. Ukivaa shati la kubana, wembamba utakusaidia zaidi. Ukivaa kanzu ya kitambaa kilaini kinachoshuka kwa uzito wake, mpini mfupi utakusaidia zaidi. Sikuwahi kusoma hili popote. Nililijua kwa kuvaa na kuvua mbele ya kioo wiki nzima. Ceska nazo, nyingi zikiwa za chuma kitupu, hupiga kwa utulivu usio na mfano na naziheshimu, lakini kwa joto la Januari kilo nzima ya chuma kiunoni hukufanya utafute kisingizio cha kuiacha.

Nikachukua 26. Ikijaa risasi zake kumi uzito ni kama robo tatu ya kilo. Ina ubaya wake, na sitauficha: kidole cha mwisho hakina pa kushika, kinaning'inia chini ya mpini. Ilinichukua miezi miwili ya kwenda uwanjani kila Jumamosi mpaka nikaweza kupiga nayo karibu na nilivyopiga na 19 siku ya kwanza. Uzuri wake mwingine ni kwamba yakubali magazini ya 19, hivyo njiani naivaa na fupi, na ndani ya sefu ya dukani nimeweka ndefu.

Halafu nikakosea kwenye ala, ule mfuko wa kuivalia bastola kiunoni. Baada ya gharama zote zile nilitaka kuokoa pesa kidogo, nikanunua ala ya kitambaa, laini, yenye kibanio cha waya. Afande aliishika kwa vidole viwili akaniuliza kama nina watoto. Glock haina sefti ya kubonyeza kwa kidole gumba. Usalama wake wa nje ni kale kaulimi kadogo katikati ya kifyatulio. Kidole, au kitu chochote, kikiingia hapo na kuvuta, italia. Ala laini hujikunja. Ukiwa unairudisha bastola, ukingo wa kitambaa au ncha ya shati yaweza kuingia mahali pa kidole. Ala lazima iwe ngumu, ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo la bastola ile ile au ngozi nene iliyoshonwa kwa ajili yake, ifunike kifyatulio chote, ibaki wazi mdomo hata bastola ikitoka. Na mkanda lazima uwe mgumu. Mimi nilikwenda kwa fundi wa ngozi mjini, nikamwambia anishonee mkanda wa tabaka mbili, akadhani ni wa kubebea vyombo vya kazi. Mkanda ule umefanya nusu ya kazi ya kuificha. Ule wa kawaida wa suruali hulegea, bastola ikainama nje, na ikishainama hakuna shati litakaloificha.

Kikoi nimekiachia nyumbani. Kikoi hakina mkanda, na nimeona mzee mmoja akiifunga bastola ndani ya pindo la kikoi. Nilimwomba mbele ya watu aitoe, nami si mtu wa kumkosoa mkubwa wangu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wenzetu wa kwingine hawalijui: lango. Mombasa huingii benki, duka kubwa, hoteli wala kivuko cha Likoni bila kupekuliwa au kupitishiwa kile kidude kinacholia. Mara ya kwanza nilipokwenda Nyali na bastola kiunoni, mlinzi alinipitishia kidude, kikalia, akanipapasa, akaruka nyuma. Nilikuwa na kadi yangu, nikampa, akaisoma taratibu, akaita mkubwa wake kwa redio, na muda wote huo nyuma yangu kuna foleni ya akina mama na watoto na wote wamejua. Siri yote ya milimita ishirini na mbili imekwisha kwa mlio mmoja. Tangu hapo, nikifika langoni naongea kabla ya kupapaswa, polepole, mikono ikiwa wazi, kadi iko mfuko wa kushoto wa shati ili mkono wa kulia usielekee kiunoni. Na siku ambazo safari yangu ni ya malango matupu, bastola inabaki kwenye sefu iliyofungwa kwa skrubu ukutani dukani. Katika gari siiachi. Gari huvunjwa kioo kwa sababu ya redio, sembuse hiyo.

Kuhusu hewa yetu. Chumvi ya bahari na jasho hufanya kazi usiku na mchana. Slaidi za Glock zimetiwa dawa ya kuzuia kutu na huvumilia, lakini springi, pini na vyuma vidogo vya ndani ya magazini havina ulinzi huo wote, na risasi zenyewe hubadilika rangi zikikaa karibu na ngozi. Kaskazi inapovuma na jasho halikauki, naifuta kila usiku kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, mafuta yakizidi yanakusanya vumbi la mchele. Wakati wa kusi nafanya hivyo mara mbili kwa wiki. Risasi ninazozivaa nazipeleka uwanjani kila baada ya miezi michache nikazipiga, nikatia mpya.

Watu hunikumbusha Westgate, lile jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na magaidi Septemba 21, 2013, jinsi raia wenye leseni, miongoni mwao Abdul Haji na bastola yake tu, walivyoingia wakatoa watu wakati mauaji yanaendelea. Naiheshimu siku ile kwa moyo wote. Lakini nimejizuia kuijenga picha hiyo kichwani. Siku yangu, ikija, itakuwa Kongowea saa kumi na mbili jioni, kati ya vibanda vya mabati, na risasi ya milimita tisa hupita bati kama karatasi. Nyuma ya bati kuna mama anayekuna nazi. Sheria nayo iko wazi kwamba hukumu yangu itapimwa: kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinarudisha suala la kujitetea kwenye misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza (common law), maana yake nitaulizwa kama hatari ilikuwa ya kweli na kama nguvu niliyotumia ililingana nayo. Wale wawili wenye mapanga, walipokwisha kupata mfuko na kugeuza pikipiki, nisingekuwa na haki ya kuwapiga mgongoni hata ningekuwa nayo. Nimelifikiria sana hilo. Kabla mmoja wao hajaupiga mkono wa kijana wangu, ningekuwa nayo haki. Katikati ya hizo nyakati mbili kulikuwa na sekunde labda tatu. Kwa ajili ya sekunde hizo ndiyo naenda uwanjani kila Jumamosi, kwa sababu huko nimepima, na kuinua shati, kushika, kuchomoa na kulenga hunichukua karibu mbili. Nikiwa nimevaa kanzu, zaidi. Kanzu huifunga bastola vizuri mno. Lazima uivute yote juu kwa mkono wa kushoto. Ijumaa, kusema kweli, naibeba nikijua itanifaa kidogo kuliko siku nyingine, na wakati mwingi Ijumaa siibebi.

Mwaka jana kulikuwa na harusi ya binamu yangu Tudor. Nilitoka dukani moja kwa moja na pesa za ukumbi, kwa hiyo nilikuwa nayo. Shangazi yangu mkubwa, dada yake marehemu baba, alikuwa mlangoni anapokea wageni. Alinikumbatia kama anavyonikumbatia tangu nikiwa mtoto, mikono kiunoni kwa sababu ni mfupi. Mkono wake wa kushoto ukatua juu ya mpini. Ukabaki pale. Nilihisi vidole vyake vikipapasa polepole umbo lile kupitia kitambaa, kama mtu anayepima kitu gizani, na uso wake ukiwa bado kifuani pangu.

"Nini hii, mwanangu?" kwa sauti ya chini sana.

"Ni ya kazi, shangazi. Ina kibali."

"Kwa ajili ya ile siku?"

"Kwa ajili ya ile siku."

Akakaa kimya. Watu walikuwa wakipita, udi umejaa, ndani wanawake wanapiga vigelegele. Kisha akauondoa mkono, akaniwekea kichwani, akanisomea kitu ambacho sikukisikia chote.

Hajawahi kumwambia mtu. Tangu siku hiyo nikienda kumwona, kabla hajanikumbatia hunitazama usoni, nami nikitikisa kichwa kwamba ndiyo, ninayo, huzunguka akanikumbatia kwa upande wa kushoto.